Deni Usilolikopa: Dai Hesabu Kabla ya Kulipa

Msimu wa karo na mbegu ukifika, kuna jambo linalojirudia katika matawi ya benki kuanzia Kenyatta Avenue mjini Nakuru hadi Oginga Odinga Street mjini Kisumu. Mteja ana mshahara, ana wadhamini, hajawahi kuruka awamu hata moja ya mkopo. Karani anatazama kompyuta, anamgeukia na kumwambia: "Uko CRB." Maana yake ameorodheshwa kuwa hakulipa deni katika Credit Reference Bureau, kampuni inayohifadhi kumbukumbu za mikopo ya watu nchini Kenya. Akiuliza ni deni gani, anatajiwa benki aliyoihama miaka minne iliyopita na kiasi ambacho angekitoa mfukoni bila kuhisi. Ushauri anaopewa papo hapo karibu kila mara ni mmoja: nenda ulipe tu, uchukue cheti cha CRB, urudi.

Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini humwumiza anayeufuata. Deni lililozuka kwenye ripoti bila mtu kukopa ni swali la hesabu, na hesabu huulizwa kabla ya kulipwa. Anayelipa kwanza hulibeba kosa la mwingine likawa lake.

Sababu ya kwanza imo katika kanuni zenyewe. Taarifa ya deni lililokosa kulipwa inaweza kukaa kwenye faili la CRB kwa miaka mitano tangu siku lilipomalizwa kulipwa. Ukilipa leo deni ambalo hukupaswa kudaiwa, ripoti yako itasema ulishindwa kulipa, kisha ukalipa. "Limelipwa" ni tofauti kabisa na "halikuwapo", na mkopeshaji anayejua kusoma ripoti huiona tofauti hiyo mara moja. Sababu ya pili iko kwenye Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22. Mdai wa deni la mkataba ana miaka sita ya kwenda mahakamani. Ukilipa sehemu ya deni, hata shilingi mia mbili, au ukilikiri kwa maandishi yenye sahihi yako, miaka hiyo huanza kuhesabiwa upya. Fomu ndogo unayosukumiwa kaunta ili "tukusaidie haraka" inaweza kuwa ndiyo maandishi hayo. Isome mpaka mwisho kabla ya kutia sahihi.

Tuangalie madeni haya yanakotoka.

Chanzo kikubwa ni akaunti ya mshahara iliyoachwa. Shamba la maua Naivasha, kiwanda cha chai Kericho, kampuni ya sukari, shule ya kibinafsi: mwajiri hufungulia wafanyakazi akaunti kwa pamoja katika benki moja. Kibarua kikiisha, mtu huondoka na kuacha salio la shilingi mia chache akiamini akaunti itajifia. Akaunti haijifii. Mshahara ndio uliokuwa ukifunika ada ya kila mwezi. Ukikatika, ada huanza kula salio, na salio likiisha, mfumo huendelea kutoa.

Chukua mfano. Akaunti ina shilingi 420. Ada ya mwezi ni 150, na juu yake ushuru wa 30, jumla 180. Mwezi wa kwanza linabaki salio la 240, wa pili 60. Mwezi wa tatu akaunti inazama chini ya sifuri kwa shilingi 120. Mwezi wa nane inasoma 1,020 chini ya sifuri, kabla hata ya kuongeza riba ya ovadrafti, yaani pesa zilizotolewa kupita salio, au ada ya mwaka ya kadi. Kiasi hicho kina maana yake. Tangu Aprili 2020, Benki Kuu iliweka shilingi 1,000 kuwa kiwango cha chini cha taarifa mbaya inayoweza kupelekwa CRB. Na kwa vigezo vya Benki Kuu, mkopo uliopitisha siku 90 bila kulipwa huingia kundi la mikopo isiyolipwa. Kwa hiyo akaunti yetu imevuka mistari yote miwili ndani ya miezi minane, na mwenyewe hajatoa wala kuweka hata shilingi moja.

Benki zina jibu lao: ulitia sahihi masharti, na jedwali la ada lilikuwa ukutani. Jibu hilo lina uzito kuhusu ada. Kuhusu neno "mkopo" halina. Mkopo una mtu aliyeomba na mtu aliyetoa. Hapa hakuna aliyeomba. Benki imejilipa yenyewe kutoka kwa pesa ambazo hazikuwapo, kisha ikaliita pengo hilo mkopo wa mteja. Kwa maoni ya makala haya, salio lililozama kwa ada pekee halistahili kuingizwa CRB kama mkopo uliokosa kulipwa, na mteja ana kila sababu ya kulipinga kwa hoja hiyo.

Kuna vifungu viwili vya Sheria ya Benki ambavyo mteja anafaa kuvijua kwa namba. Kifungu 16A kinakataza benki kutoza ada ya aina yoyote kwenye akaunti ya akiba. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuchunguza ni aina ya akaunti kwenye fomu ya kufunguliwa. Kama ilifunguliwa kuwa ya akiba na baadaye ikaonekana imehamishiwa aina nyingine yenye ada, uliza nani aliihamisha, lini, na kwa idhini ipi iliyoandikwa. Kifungu 44A nacho kinaweka kikomo cha riba: mkopo ukishaingia kundi la isiyolipwa, riba inayoweza kudaiwa tangu hapo haiwezi kuzidi lile salio la msingi lililokuwapo wakati huo. Mtu aliyezama kwa shilingi 2,000 akaletewa dai la 11,000 lililofumuka kwa riba ana haki ya kuomba mchanganuo wa mstari kwa mstari.

Vyanzo vingine vinajulikana. Mkopo uliomalizwa mapema kwa kiasi kilichotajwa kwa mdomo, halafu riba ya siku chache ikabaki nyuma na kuzaa. Namba ya kitambulisho iliyopigwa vibaya tarakimu moja, jambo ambalo ni rahisi kupita bila kugunduliwa pale majina yanapofanana, na huku kwetu wako akina Wafula, Otieno na Cheruiyot wengi wenye majina mawili yaleyale. Udhamini wa mwenzako kwenye sacco, ambao ulisahau lakini karatasi haikusahau. Laini ya simu iliyobadilishwa na matapeli na mkopo ukachukuliwa usiku mmoja. Halafu kuna benki kuungana au kuchukuliwa. NIC na CBA zilipokuwa NCBA mwaka 2019, na sehemu ya biashara ya Chase Bank ilipohamia SBM mwaka 2018, wateja walijikuta chini ya jina jipya. Ukiona kwenye ripoti benki ambayo hujawahi kuingia mlangoni mwake, usikane haraka. Tafuta kwanza kama ilirithi akaunti yako ya zamani. Na ukiona kiasi kilekile mara mbili, chini ya namba mbili za akaunti, hilo linaweza kuwa deni moja lililohesabiwa mara mbili.

Kabla ya barua yoyote, pata ripoti. Kenya ina CRB tatu zenye leseni: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Zipate zote tatu, kwa sababu zinaweza kutofautiana. Kanuni zinakupa ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila CRB, na benki ikikukatalia mkopo kwa sababu ya ripoti, una haki ya kuambiwa ni CRB ipi na kupewa nakala bila malipo. Usiridhike na ujumbe wa simu unaosema "umeorodheshwa" au unaotaja pekee alama, ile namba inayopima unavyolipa madeni. Alama ya Metropol, kwa mfano, huenda kutoka 200 hadi 900, na iliyo chini ya 400 huashiria deni lililokosa kulipwa. Lakini alama haikuambii deni lipi.

Ripoti kamili ina safu kadhaa za kila akaunti. Soma tarehe ya kufunguliwa kwanza. Je, siku hiyo ulikuwa wapi, ukifanya kazi gani? Kisha aina ya akaunti, kiasi cha awali, salio la sasa, siku zilizopita bila malipo, tarehe ya kuanza kukosa kulipa, na tarehe ya mwisho taarifa ilipopelekwa. Mara nyingi kosa linajionyesha hapo hapo. Akaunti iliyoandikwa "mkopo" lakini kiasi cha awali ni sifuri ni dalili kwamba hakuna mkopo uliowahi kutolewa, ni ada. Angalia pia tarehe kati ya 1 Oktoba 2021 na 30 Septemba 2022. Katika kipindi hicho serikali ilisimamisha kuorodheshwa kwa mikopo ya chini ya shilingi milioni 5 iliyokosa kulipwa kuanzia Oktoba 2021. Kama taarifa yako mbaya ilipelekwa ndani ya miezi hiyo kwa deni la wakati huo, hiyo ni hoja ya pekee, tofauti na hoja ya ada.

Sasa barua. Ziwe mbili, za tarehe moja: moja kwa benki iliyopeleka taarifa, nyingine kwa CRB. Wengi huandika kwa CRB pekee na kushangaa mbona hakuna kinachobadilika. CRB haitengenezi deni. Huhifadhi kile benki ilichopeleka.

Barua ya benki isiombe huruma. Iombe karatasi tano: fomu ya kufungulia akaunti yenye sahihi yako, taarifa yote ya akaunti tangu siku ya kwanza hadi leo, si ya miezi sita, jedwali la ada lililotumika kila mwaka, makubaliano ya ovadrafti, kama yapo, na nakala ya ilani uliyotumiwa kabla ya kuorodheshwa. Hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Mkopeshaji anapaswa kumwarifu mteja siku 30 kabla ya kupeleka taarifa mbaya. Omba nakala pamoja na uthibitisho wa anwani au namba iliyotumiwa. Ilani iliyokwenda kwenye sanduku la posta la mwajiri wako wa zamani, au kwa laini ambayo benki yenyewe ilijua umeibadilisha, ni ilani dhaifu. Isiyokuwapo kabisa ni kasoro kubwa, hata kama deni lenyewe ni la kweli.

Barua ya CRB iwe fupi na ielekeze kidole mahali pamoja. "Nifutieni jina langu" haimsaidii mtu. Andika kitu kama: "Napinga taarifa ya akaunti namba fulani iliyopelekwa na benki fulani, iliyoandikwa kuwa mkopo wa shilingi 4,310 uliokosa kulipwa. Sikuomba wala kupokea mkopo kwenye akaunti hiyo. Salio limetokana na ada za kila mwezi baada ya mshahara kukoma Machi 2021, kama inavyoonyesha taarifa ya akaunti niliyoambatisha. Naomba taarifa hii iondolewe, wala isiandikwe kuwa imelipwa." Ambatisha nakala ya kitambulisho, ukurasa wa ripoti wenye mstari unaoupinga, na barua ya kuacha kazi au hati ya malipo ya mwisho. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Ukituma kwa baruapepe, hifadhi jibu la kupokelewa.

CRB ikishapokea malalamiko, ina siku tano za kazi kuweka alama kwenye faili kwamba taarifa hiyo inapingwa na kuiarifu benki. Uchunguzi unafaa kumalizika ndani ya siku 21. Usipomalizika, taarifa inayopingwa inapaswa kuondolewa. Andika tarehe hizi kwenye kalenda siku unapopeleka barua. Ile alama ya "inapingwa" ina faida ya haraka: benki unayoomba mkopo leo itaiona, na meneja mwenye busara anaweza kuendelea na ombi lako badala ya kulitupa.

Mambo huharibikia wapi? Mahali panapojulikana. Benki hujibu CRB kwa neno moja, "sahihi", baada ya mtu kuangalia salio kwenye mfumo bila kufungua faili. Ikitokea hivyo, andika tena: hoja yako haikuwa kwamba salio halipo, ilikuwa kwamba chanzo chake si mkopo, omba zile karatasi tano kwa mara ya pili, ukitaja tarehe ya barua ya kwanza. Tawi hukwambia akaunti ilifunguliwa tawi jingine, uende huko. Huna haja ya kupanda gari kutoka Kakamega hadi Naivasha. Tawi lolote linaweza kupokea barua na kuigonga muhuri, na mwenye wajibu ni benki, tawi ni mlango tu. Halafu kuna kosa baya kuliko yote: marekebisho hufanywa CRB lakini si kwenye mfumo wa benki. Mwezi unaofuata benki hupeleka faili lake la kawaida, na deni hurudi kama lilivyokuwa. Ndiyo maana barua iombe akaunti irekebishwe kwenye chanzo, salio lifutwe, akaunti ifungwe, na taarifa mpya ipelekwe kwa CRB zote tatu. Baada ya miezi miwili, vuta ripoti tena.

Wako pia wanaojitangaza kwenye saiba na makundi ya simu kwamba watakufutia CRB kwa siku moja. Hawana uwezo huo. Wanachokipata ni pesa zako, picha ya kitambulisho chako, na wakati mwingine namba ya siri.

Benki ikikaidi, panda ngazi, lakini ujue ngazi ni ipi. Benki Kuu ina tawi Kisumu na kituo cha sarafu Nakuru. Hizo ni ofisi za noti na sarafu. Malalamiko dhidi ya benki huelekezwa Nairobi, kwenye idara inayosimamia mabenki, na barua yako iambatishe zile za awali zenye mihuri. Kama deni ni la sacco inayopokea amana, msimamizi wake ni SASRA, na mgogoro wa ushirika wenyewe huenda Mahakama ya Ushirika. Kama tatizo ni kitambulisho kilichokosewa au deni la mtu mwingine kwenye faili lako, njia yenye nguvu ni Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo inakupa haki ya kusahihishiwa au kufutiwa taarifa za uongo. Kamishna wa Kulinda Data anapaswa kumaliza malalamiko ndani ya siku 90, na anaweza kuamuru ulipwe fidia. Hapa weka kumbukumbu ya hasara: barua ya kukataliwa mkopo, nafasi ya kazi iliyopotea kwa kukosa cheti, nauli. Hasara isiyo na karatasi ni vigumu kuidai.

Na ikiwa baada ya kuuliza yote ukakuta deni ni la kweli? Hapo lipa, lakini kwa mpangilio. Omba kwanza ada zilizotozwa baada ya akaunti kukaa kimya ziondolewe. Meneja wa tawi huwa na nafasi ya kusamehe ada kuliko anavyokiri mara ya kwanza. Kubaliana kiasi kwa maandishi kabla ya pesa kutoka. Lipa kwenye akaunti yenyewe upate risiti, usimkabidhi wakala wa kukusanya madeni pesa taslimu. Kisha dai barua mbili: ya kumaliza deni na ya kufunga akaunti. Bila ile ya pili, ada ya mwezi ujao itaanza kuchimba upya kuanzia sifuri.

Lawama hii haiwezi kuachiwa wateja peke yao. Benki inayoona akaunti haijaguswa kwa miezi sita, salio limekwisha, ina taarifa zote za kusimamisha ada au kuifunga. Kuendelea kutoza mpaka shilingi 1,000 ipite, halafu kupeleka jina CRB, ni uamuzi, hata kama umefanywa na mashine. Benki Kuu ingeweza kulimaliza hili kwa agizo la ukurasa mmoja: salio lililotokana na ada pekee liwe na alama yake kwenye taarifa zinazopelekwa CRB, lisihesabiwe kwenye mikopo isiyolipwa. Waajiri nao, hasa kaunti na shule zinazodai cheti cha CRB kwa kila anayeomba kazi, wanafaa kusoma kilichomo. Kijana aliyenyimwa kazi Kisumu kwa deni la shilingi 1,300 la akaunti ya mafunzo ya kazini ananyimwa pia njia ya kulilipa, na hilo ni dhuluma inayoweza kukomeshwa kesho asubuhi na ofisa mmoja wa ajira akiamua kuuliza swali moja zaidi.

Aliye na akaunti ya zamani mahali fulani asingoje ripoti. Aende tawi lolote la benki hiyo na kitambulisho, aombe taarifa ya akaunti, alipe kilicho halali kama kipo, ajaze fomu ya kufunga, arudishe kadi ikatwe mbele yake, na asitoke bila barua inayosema akaunti imefungwa ikiwa na salio la sifuri, yenye tarehe na muhuri.